"Imegoma": somo la uzazi lililokwama kwenye maabara ya kompyuta

Mada ni uzazi wa binadamu, darasa ni Kidato cha Tatu, vipindi ni viwili mfululizo, yaani dakika 80. Mwalimu wa Biolojia ameweka kwenye andalio la somo vitu vitatu vya mtandaoni: video ya dakika 9 inayoonyesha utungisho na safari ya yai, ukurasa wenye michoro ulio chini ya anwani ya sussex.ac.uk, na kitabu kilichomo kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Vyote alivifungua nyumbani Jumapili usiku, kwenye simu yake, kwa bando lake. Jumatatu saa nne asubuhi wanafunzi 48 wameketi wawiliwawili kwenye kompyuta 24, projekta imewaka, na sauti inayosikika kila kona ni moja: "Madamu, imegoma!"

Kisa hiki kimeunganishwa kutokana na hali zinazojirudia katika maabara za shule za sekondari, kwa hiyo shule haitajwi na mwalimu hatajwi. Vifaa na mipangilio ni ya kweli, ya aina ambayo fundi wa kawaida huiweka kwa gharama ndogo.

Kilichoonekana darasani

Kwenye projekta, video ilikataa kucheza. Ukurasa wa YouTube ulifunguka, jina la video likaonekana, lakini mahali pa picha palikuwa na maandishi kwamba video haipatikani. Ukurasa wa Sussex ulileta ujumbe wa Chrome wenye msimbo ERR_CONNECTION_REFUSED kwenye kompyuta 22, ila kompyuta mbili za nyuma ziliufungua bila shida yoyote. Nne kati ya hizo 22, za upande wa dirishani, hazikufungua chochote kabisa; hata ukurasa wa Google ulitoa onyo la usalama. Kitabu cha Taasisi kilianza kushuka, kikafika robo, kikasimama.

Mwalimu alifanya anachofanya mtu yeyote mwenye darasa linaloanza kupiga kelele. Aliwasha hotspoti ya simu yake na kuunganisha kompyuta ya projekta. Video ikacheza dakika mbili, bando likaisha. Mwanafunzi mmoja akapendekeza VPN, yaani programu inayopitisha mawasiliano kwenye seva ya nje na hivyo kukwepa kichujio. Mwalimu akaweka kiendelezi cha VPN cha bure kwenye Chrome, mbele ya macho ya wote, na video ikaendelea kwa kukatakata. Dakika 35 zilikuwa zimeshapotea. Wiki hiyohiyo kiendelezi kilekile kilikutwa kwenye kompyuta 11 za maabara.

Mwalimu aliandika kwenye daftari la maabara sentensi moja: "Tovuti zimezuiwa." Fundi wa TEHAMA alipoisoma siku mbili baadaye hakuwa na la kufanya nayo, kwa sababu haisemi tovuti gani, kompyuta ipi, wala saa ngapi. Na kwa kweli haikuwa sahihi. Vitu vinne viligoma kwa sababu nne tofauti, na ni viwili tu kati ya hivyo vilivyozuiwa na kichujio.

Mtandao wenyewe umejengwaje

Laini ya shule ni Mbps 10. Inaingia kwenye ruta ya MikroTik, kisha swichi, kisha kompyuta. Ruta ndiyo inayojibu maswali yote ya DNS, yaani kompyuta ikitaka kujua tovuti fulani iko kwenye namba gani, inaiuliza ruta. Ruta nayo, isipokuwa na jibu lake, inauliza huduma ya bure ya CleanBrowsing kwenye 185.228.168.168 na 185.228.169.168, ambayo hukataa kutoa namba za tovuti za ngono na za kukwepa vichujio.

Juu ya hapo fundi aliongeza vitu viwili kwa mkono. Kwanza, alielekeza majina ya YouTube kwenda restrict.youtube.com, ambayo huwasha hali ya vizuizi vikali kwa mtandao mzima. Pili, aliandika orodha fupi ya vipande vya maneno: jina lolote la tovuti lenye kipande hicho linapewa namba 127.0.0.1, ambayo maana yake ni "jiulize mwenyewe", na kivinjari kinaishia kukataliwa. Vipande vyenyewe vilikuwa sex, porn, xxx na bet. Hicho cha mwisho aliombwa na mkuu wa shule, baada ya vijana kukutwa wakibashiri matokeo ya mpira wakati wa kipindi.

Hofu ya uongozi ina msingi. Watoto wanapaswa kulindwa, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haichezi na picha za ngono. Hakuna hoja hapa ya kuondoa kichujio. Hoja ni kichujio kufanya kazi yake bila kula somo.

Neno ndani ya neno

Ukurasa wa Sussex ulianguka kwa sababu ndani ya "sussex" mna "sex". Ni kosa la zamani: mwaka 1996 wakazi wa mji wa Scunthorpe, Uingereza, walishindwa kujisajili kwenye huduma ya intaneti ya AOL kwa sababu jina la mji wao lina herufi nne zinazofanana na tusi la Kiingereza. Karibu miaka 30 imepita na bado linaandikwa upya kwenye ruta za shule, kwa sababu ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kuzuia.

Kipande cha "bet" ndicho kibaya zaidi, na hapa watu wengi hushangaa. Kinaangusha kampuni za kubashiri, sawa. Lakini pia kinaangusha diabetes.org, kwa kuwa neno la Kiingereza la kisukari limebeba herufi hizohizo tatu katikati. Mwalimu wa Biolojia atakayefundisha homoni ya insulini atagonga ukuta uleule, na safari hii hatakuwa hata na wazo la kuanzia, maana hakuna chochote cha aibu kwenye kisukari.

Kwa Kiswahili hali ni tete zaidi, kwa sababu maneno yetu hujengwa kwa viambishi na vipande hujikuta ndani ya vingine. Kichujio kinachosoma maandishi ya ukurasa, kikipewa tusi la kawaida la herufi nne, kitanasa "kumaliza" na "kumaanisha", maneno yaliyomo karibu katika kila andalio la somo. Mbooni, kule Makueni nchini Kenya, ni mahali halisi penye shule na watu, na jina lake litakwama kwenye orodha ya matusi ya mtu asiyejali. Na orodha ya maneno ya chuki iliyoandaliwa Ulaya, yenye neno "nazi", ikipakiwa bila kupitiwa, inaweza kufunga kurasa za kilimo cha minazi cha Pwani. Anayeweka kichujio kwenye shule inayosoma Kiswahili lazima apitie orodha neno kwa neno, kwa jicho la msemaji wa Kiswahili.

Jambo la kuelewa hapa ni kwamba DNS huona jina la tovuti tu. Haioni ukurasa. Kwenye kisa hiki, makala ya Wikipedia juu ya uzazi ingefunguka bila tatizo, kwa sababu jina ni wikipedia.org na yaliyobaki ya anwani hupita yakiwa yamefichwa ndani ya HTTPS, yaani mawasiliano yaliyosimbwa. Kwa hiyo mwalimu akiona tovuti nzima imefungwa, pamoja na ukurasa wake wa mwanzo, ashuku DNS. Akiona ukurasa mmoja umefungwa na mingine ya tovuti hiyohiyo iko wazi, basi kuna kitu kingine kinachosoma ndani: kiendelezi kwenye kivinjari, au kichujio ghali kinachofungua HTTPS kwa cheti chake chenyewe.

Kuthibitisha ni kazi ya dakika moja. Fungua Command Prompt kwenye kompyuta ya mwanafunzi, andika:

nslookup sussex.ac.uk

Jibu likiwa 127.0.0.1, orodha ya ruta ya shule ndiyo iliyozuia. Likiwa "Non-existent domain" kwa tovuti unayojua ipo, aliyezuia ni CleanBrowsing. Likija na namba ya kawaida ya mtandaoni, DNS haina hatia, tafuta kwingine. Wengine hurudia amri wakiongeza 8.8.8.8 mwishoni ili kulinganisha na DNS ya Google. Ni kipimo kizuri, lakini kwenye ruta iliyopangwa kuteka maswali yote ya mlango wa 53, ambao ndio wa DNS, jibu litakuwa lilelile, na mtu atadhani Google nayo imezuia.

Dawa ya orodha ile ilikuwa kufuta vipande vyote vinne. "sex", "porn" na "xxx" havikuwa na kazi, kwa kuwa CleanBrowsing tayari huzuia kundi hilo kwa kutambua tovuti zenyewe. Kamari ni suala jingine, kwa sababu toleo hili la bure haliigusi. Kwa hiyo "bet" ilibadilishwa na majina kamili ya kampuni za kubashiri, moja moja, kila ingizo likiwa na match-subdomain=yes ili matawi yake nayo yafungwe. Majina kama 20 yanatosha kuanzia, na orodha inapitiwa kila mwanzo wa muhula kwa kuwa kampuni mpya haziishi kuzuka.

Kuna mtego: kwenye MikroTik mtu hawezi kuacha kipande cha "sex" kisha akaongeza ingizo la kawaida la sussex.ac.uk kama msamaha. Maingizo ya vipande husomwa kwanza, ya majina ya kawaida baadaye, na msamaha haufikiwi kamwe. Mafundi wengi wamepoteza mchana mzima hapo.

Na tovuti ikiwa imezuiwa kimakosa na CleanBrowsing yenyewe? Toleo la bure halina mahali pa kuweka msamaha, lakini ruta inaweza kupeleka swali la jina hilo moja kwingine. Kwenye RouterOS 7, mfumo unaoendesha ruta za MikroTik:

/ip dns static add name=mfano.org type=FWD forward-to=9.9.9.9 match-subdomain=yes

Baada ya badiliko lolote, futa majibu ya zamani. Kwenye ruta ni /ip dns cache flush, kwenye Windows ni ipconfig /flushdns, kisha funga Chrome yote na kuifungua tena. Asipofanya hivyo mwalimu ataona ujumbe uleule wa jana na kuamini fundi hajafanya kitu, na fundi ataapa kwamba amefanya. Wote wawili watakuwa wanasema kweli.

Zile kompyuta mbili za nyuma

Kwa nini ziliufungua ukurasa wa Sussex? Kuna mwanafunzi aliyewahi kuingia kwenye mipangilio ya Chrome, sehemu ya faragha na usalama, akawasha DNS salama na kuchagua Cloudflare. Tangu hapo Chrome ya kompyuta hizo haiulizi ruta chochote. Inapeleka maswali yake nje kwa HTTPS, kama tovuti nyingine yoyote, na ruta haioni.

Mwalimu alifurahi kuona zinafanya kazi. Ukweli ni kwamba zilikuwa hazina kichujio hata kidogo, zikiwa nyuma ya darasa, skrini zikitazama ukuta. Kompyuta inayofungua kila kitu wakati jirani zake zinakataa iripotiwe haraka kuliko iliyogoma. Kwa Chrome, fundi huweka sera (mpangilio unaofungwa na msimamizi) ya DnsOverHttpsMode iwe "off" na mwanafunzi hawezi kuibadili. Kwa Firefox, ruta ikijibu kwamba use-application-dns.net haipo, kivinjari huacha kuwasha DNS yake kwa kujiamulia, ingawa aliyeiwasha kwa mkono ataendelea nayo mpaka azimiwe kwa sera.

Video

Hali ya vizuizi ya YouTube huamua kwa kutazama jina la video, maelezo yake, lugha iliyotumika na alama za umri. Video za uzazi wa binadamu hunaswa mara kwa mara hata zikiwa za darasani kabisa. Dalili yake ni rahisi kuitambua: maoni chini ya video hayaonekani popote, na matokeo ya utafutaji ni machache kuliko ya nyumbani. YouTube ina ukurasa wa kuthibitisha, youtube.com/check_content_restrictions, unaoeleza kama kizuizi kinatoka kwenye mtandao, kwenye akaunti au kwenye kivinjari.

Kuna viwango viwili: restrict.youtube.com ni mkali, restrictmoderate.youtube.com ni wa wastani na huruhusu video nyingi zaidi. Kwenye ruta ya shule hii majina matano yalibadilishwa kutoka ukali kwenda wastani: www.youtube.com, m.youtube.com, youtubei.googleapis.com, youtube.googleapis.com na www.youtube-nocookie.com. Likisahaulika moja, matokeo hayatabiriki. Youtubei ndiyo inayotumiwa na programu ya simu, na nocookie hutumika video inapopachikwa ndani ya tovuti nyingine. Shule nyingi zimefunga mlango wa mbele wa YouTube na kuacha hilo dirisha wazi, au kinyume chake.

Kubadili kiwango kwa shule nzima si uamuzi wa fundi. Ni wa mkuu wa shule, kwa maandishi, baada ya kusikia kutoka kwa walimu wa masomo. Kama uongozi unataka ukali ubaki kwa wanafunzi, kompyuta ya projekta inaweza kupewa anwani ya kudumu na seva yake ya DNS kupitia chaguo namba 6 la DHCP, huduma ya ruta inayozigawia kompyuta anwani na mipangilio. Tena, kama ruta inateka mlango wa 53, anwani hiyo iondolewe kwenye mtego, la sivyo chaguo hilo litakuwa pambo. Na hata kompyuta ya mwalimu isiachwe bila kichujio kabisa, kwa kuwa inachoonyesha kinaonekana na wanafunzi 48 kwa ukubwa wa ukuta, pamoja na mapendekezo ya utafutaji na matangazo ambayo hakuna aliyeyaomba.

Vichujio vingi vya shule vilikuzwa na soko la Marekani, ambako sheria iitwayo CIPA, ya mwaka 2000, inazitaka shule zinazopokea punguzo la gharama za intaneti zizuie picha chafu na zenye madhara kwa watoto. Sheria hiyo haidai YouTube ifungwe, na inaruhusu kichujio kizimwe mtu mzima anapouhitaji mtandao kwa utafiti wa kweli. Kipengele hicho cha mwisho kinafaa kuigwa na shule yoyote: mwalimu awe na njia halali, inayoandikwa, ya kufunguliwa kitu, ili asilazimike kuiba njia.

Kompyuta nne za dirishani

Hizi hazikuzuiwa na mtu. Saa zake zilikuwa zimerudi nyuma miaka kadhaa, na msimbo wa onyo ulikuwa NET::ERR_CERT_DATE_INVALID. Kila tovuti ya HTTPS ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, na Septemba 2020 muda wa vyeti vipya ulipunguzwa hadi usiozidi siku 398. Kompyuta inayodhani iko mwaka 2012 inaona kila cheti ni cha siku zijazo, na inakataa.

Chanzo ni betri ya ubao mama, CR2032, ya volti 3, ukubwa wa sarafu. Ikiisha, saa hupotea kila umeme unapokatika. Windows isiyo kwenye domeni (kundi la kompyuta linalosimamiwa na seva moja) haijirekebishi yenyewe tofauti ikizidi saa 15, kwa hiyo kusubiri hakusaidii. Kwa siku hiyo mwalimu anaweza kuweka tarehe kwa mkono na kompyuta ikafanya kazi hadi umeme uzimwe. Dawa ya kudumu ni betri mpya. Kamwe asiwafundishe wanafunzi kubofya "endelea hata hivyo" kwenye onyo hilo, kwa sababu siku moja onyo litakuwa la kweli.

Hapa ndipo swali moja la kwanza linapookoa muda kuliko kipimo chochote: ni tovuti moja kwenye kompyuta zote, au tovuti zote kwenye kompyuta moja? La kwanza linaelekeza kwenye kichujio au kwenye tovuti yenyewe. La pili linaelekeza kwenye kompyuta.

Kitabu kilichosimama robo

Video ilipogoma kwenye projekta, mwalimu aliwaambia wanafunzi watafute nyingine wenyewe. Video ya ubora wa 480p hula takriban Mbps 1.2. Kompyuta 20 zikicheza kwa pamoja zinataka Mbps 24 kwenye laini ya 10. Kitabu hakikuzuiwa, kilikosa nafasi ya kupita. Dalili ni kurasa kufunguka nusu, au ERR_CONNECTION_TIMED_OUT inayokuja na kuondoka. Kichujio hakisitisiti, kinakataa papo hapo na kila mara. Kitu kinachofunguka mara moja kati ya tatu ni laini au umeme wa swichi, si kizuizi.

Kitabu cha darasa zima kinapakuliwa mara moja, jioni ya siku iliyotangulia, na kuwekwa kwenye folda inayoshirikiwa. Video inaonyeshwa kwenye projekta. Kufanya hayo mawili tu kungeiacha laini ile ile ikitosha kwa kurasa za maandishi.

Wakati mwingine kizuizi hakiko shuleni kabisa. Tanzania ilifunga mtandao wa X mwezi Mei 2025, na Kenya ilizuia Telegram Novemba 2024 wakati wa mitihani ya KCSE. Kwa hali kama hizo fundi wa shule hana ufunguo. Kipimo ni simu yenye bando la kampuni nyingine, Waifai ikiwa imezimwa: tovuti ikigoma huko pia, ukuta uko nje ya geti la shule. Na msimbo wa 403 au 451 unatoka kwenye seva ya mbali. Umefika mlangoni, mwenye nyumba ndiye amekataa.

Hotspoti na VPN

Mwalimu asilaumiwe kwa kutafuta njia, alikuwa na darasa mbele yake. Lakini gharama ya njia zile ni kubwa kuliko somo moja. Hotspoti huondoa kichujio chote kwenye skrini kubwa kuliko zote chumbani, na kwa 480p bando huliwa kama MB 9 kwa dakika, kutoka mfukoni mwa mwalimu. VPN ya bure ni mbaya zaidi. Hupitisha nywila na anwani zote kwa kampuni isiyojulikana, hupunguza kasi, na huwafundisha wanafunzi 48 kwa vitendo namna ya kukwepa. Kisheria nako si salama: Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliwataka watumiaji wa VPN kutoa taarifa zao kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Mwalimu anayeiweka mbele ya darasa anajiweka pabaya bila sababu.

Kingine, ambacho kinauma zaidi, ni kwamba VPN huficha tatizo. Sussex na diabetes.org zingeendelea kufungwa kwa mwalimu anayefuata, kwa miaka.

Ombi lililofanya kazi

Sentensi ya "tovuti zimezuiwa" ilibadilishwa na ujumbe wa namna hii, uliotumwa siku tatu za kazi kabla ya kipindi:

"Habari za kazi, fundi. Naomba ukurasa huu ufunguliwe maabara: (anwani nzima imenakiliwa). Leo saa nne na dakika 20 asubuhi, kompyuta namba 7, akaunti ya mwanafunzi, Chrome imesema ERR_CONNECTION_REFUSED, na nslookup inatoa 127.0.0.1. Nauhitaji Jumatatu, vipindi vya 3 na 4, Kidato cha Tatu, mada ya uzazi. Kama kuufungua kwa wote kuna shaka, kompyuta ya projekta peke yake inatosha. Picha ya skrini nimeambatisha. Nakala kwa mwalimu wa taaluma."

Ujumbe huo fundi anaumaliza kwa dakika tano. Nakala kwa mwalimu wa taaluma si ya kutisha mtu. Inampa fundi kinga, kwa sababu kesho akiulizwa nani aliruhusu, jibu lipo.

Sehemu ngumu kwa mwalimu si kuandika, ni kupima mapema mahali sahihi. Kupima nyumbani hakuna thamani. Kupima kwenye ofisi ya walimu pia, kama ofisi ina mpangilio wake. Aketi kwenye kiti cha mwanafunzi, aingie kwa akaunti ya mwanafunzi, acheze video mpaka mwisho badala ya kuishia kuona ukurasa umefunguka, na ikiwezekana afanye hivyo saa ileile ambayo somo litafanyika, maana laini ya saa nne asubuhi si ile ya saa kumi jioni.

Akiba ya nje ya mtandao

Hata kichujio kikiwa kimepangwa vizuri, umeme na laini hubaki. Shule hii iliweka Kiwix kwenye kompyuta moja, ambayo hubeba Wikipedia kwenye faili za ZIM. Ile ya Kiswahili ni ndogo, inaingia kwenye flashi ya kawaida. Ya Kiingereza yenye picha zote hupita GB 100, kwa hiyo maabara nyingi huchukua mkusanyo wa mada au toleo lisilo na picha. Kompyuta hiyo ikipewa anwani ya kudumu, tuseme 192.168.88.10, na programu ya kiwix-serve ikawashwa kwenye mlango wa 8080, kompyuta nyingine zote hufungua http://192.168.88.10:8080 bila kutumia intaneti hata kidogo. Anayetaka kuongeza Kolibri, programu ya masomo yasiyohitaji intaneti, kwenye mashine hiyohiyo ajue nayo hupendelea 8080, kwa hiyo moja ihamishwe.

Kwa Fizikia na Kemia, majaribio ya kuigiza kwenye kompyuta ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder hupakuliwa kila moja kama faili moja ya HTML na kufunguka kwa kubofya. Baadhi yana Kiswahili. Video ni ngumu kidogo, kwa sababu masharti ya YouTube hayaruhusu kuipakua kwa programu za pembeni. Kwa akiba ya darasani ni bora kutafuta Wikimedia Commons, ambako ruhusa ya kupakua imeandikwa wazi chini ya kila faili.

Somo liliporudiwa, Sussex ilifunguka kwenye kompyuta zote 24, kitabu kilikuwa kwenye folda tangu Ijumaa, na zile mbili za nyuma zilikuwa zimewekewa sera. Video ya kwanza bado ilikataa hata kwenye kiwango cha wastani, kwa kuwa ina alama ya umri, na mwalimu alitumia nyingine ya dakika 6. Betri za CR2032 zilikuwa hazijanunuliwa. Tarehe za kompyuta nne ziliwekwa kwa mkono dakika tano kabla ya kengele.